Daktari Kijana na Mzee wa Katoyi

Mhadhara kwa wanafunzi wa tiba, wauguzi na wakazi wa Katoyi, Goma



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha madaktari kuwahudumia wazee. Mihadhara ya namna hii huwa inafanyika chuoni. Niliomba huu uletwe Katoyi kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayosema haionekani ukiwa darasani. Inaonekana hapa, juu ya mawe haya meusi, kati ya nyumba za mbao na foleni za bidoni za maji.

Nitaanza na choo, wazee wanisamehe. Mgeni anayefika Goma mara ya kwanza huuliza kwa nini vyoo vyetu vina ngazi. Jibu liko chini ya miguu yake: lava. Kuchimba shimo refu kwenye mwamba huu ni kazi ya nyundo na fedha nyingi, kwa hiyo watu huchimba kidogo walipoweza, kisha huinua choo juu ya mawe na kupanga ngazi tatu, nne, pengine tano. Ngazi zenyewe ni za mawe yasiyolingana, na mara nyingi hakuna kitu cha kushika. Mchana kijana hazioni kabisa. Usiku, umeme umekatika na mvua imenyesha, ni habari nyingine.

Sasa mchukue mama mzee wa miaka 74, mwenye magoti yanayouma. Simsemi mtu fulani. Wauguzi waliopo hapa wanawajua wengi wa namna yake. Alikwenda kituo cha afya, akapimwa tansiyo, ikaonekana iko juu. Akaandikiwa amlodipini. Ni dawa nzuri, hata mimi ningeiandika. Baada ya majuma kadhaa miguu ikaanza kuvimba kwenye vifundo. Hilo ni jambo linalojulikana la dawa hiyo, lakini safari ya pili alimkuta mtu mwingine, ambaye aliona uvimbe, akawaza moyo au figo, akaongeza furosemidi ili maji yatoke. Maji yakatoka kweli. Mama akaanza kuamka mara tatu, mara nne usiku. Kila kuamka ni ngazi. Tena mwili umepungukiwa maji, basi akiinuka haraka kitandani anaona giza. Usiku mmoja akateleza, nyonga ikavunjika. Kwenye faili ya hospitali pakaandikwa kwamba aliangukia chooni. Vidonge havikutajwa popote.

Mlolongo huu, wa dawa moja kuzaa dalili na dalili hiyo kuitiwa dawa nyingine, umeandikwa katika majarida ya tiba tangu miaka ya 1990. Si wa Goma peke yake. Ninachotaka wanafunzi waone ni kwamba hakuna aliyezembea. Wa kwanza aliona tansiyo akaitibu. Wa pili aliona uvimbe akautibu. Daktari wa mifupa aliona mfupa uliovunjika akaushughulikia. Kila mmoja alifanya kama alivyofundishwa: tafuta ugonjwa, toa dawa yake. Mafunzo hayo yanamfaa mtoto mwenye malaria. Yanamfaa kijana aliyepigwa risasi. Kwa mtu mwenye tansiyo, magoti, mtoto wa jicho, njaa na ngazi za mawe, yanaweza kumwangusha.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Hatuhitaji kungoja mabingwa wa tiba ya wazee watushukie kutoka Ulaya. Tunahitaji kila daktari anayehitimu hapa Goma, awe atakuwa mpasuaji, wa macho au wa hospitali ya vijijini Masisi, ajue kumtazama mzee mzima na nyumba anayoishi kabla hajaandika ordonansi.

Tusijidharau, lakini. Mji huu ukiamua kufundisha jambo, hulifundisha. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa mwaka 2000 na Dokta Jo Lusi na mkewe Lyn, ikiitwa DOCS, na tangu mwanzo kusudi lake lilikuwa kuwafunza madaktari vijana wa Kongo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikashuka mpaka katikati ya mji, hospitali ikaangamia, na ikajengwa upya. Upasuaji wa fistula, kazi ngumu ambayo nchi tajiri karibu zimeisahau, umefanywa na kufundishwa humo. Kule Ndosho, hospitali ya CBCA kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu wa kimataifa imewapasua majeruhi wa vita kwa miaka mingi, na madaktari wetu waliopita pale wanajua majeraha ya risasi kuliko maprofesa wa miji yenye amani. Ebola ilipogonga hodi Goma Julai 2019, wauguzi walijifunza kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo uwezo wa kujifunza upo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamuru, na pengine mtu wa kulipia. Fedha za misaada humfuata mtoto chini ya miaka mitano, mama mjamzito, kipindupindu na jeraha, na si vibaya. Bila fedha hizo wengi wangekufa. Lakini mwanafunzi anayefanya staji hujifunza kutokana na kile anachokiona watu wakikikimbilia. Anaona wodi ya watoto imejaa wataalamu. Anaona uzazi kuna mashirika matatu. Kisha anafika kwenye kitanda cha pembeni wodi ya tiba ya ndani, amelala babu wa watu, na msafara wa madaktari unapita hapo kwa nusu dakika. Mjukuu akiuliza babu ana nini, anajibiwa: ni uzee.

Jibu hilo ningelifuta kwenye vinywa vya madaktari kama ningekuwa na mamlaka. Uzee hauleti homa. Uzee haumfanyi mtu aliyekuwa anasali vizuri Jumapili ashindwe kumtambua binti yake Jumatano. Daktari anayesema ni uzee mara nyingi amechoka, au hakufundishwa pa kuanzia.

Najua kuna atakayeniambia kwamba wazee wetu ni wachache. Ni kweli: katika Kongo waliofikisha miaka 65 ni karibu watu 3 tu kwa kila 100. Ila hesabu hiyo hudanganya. Umri wetu wa kuishi unaonekana mfupi kwa sababu watoto wengi hufa mapema. Aliyevuka mitego yote hiyo akafika 60, kwa wastani ana zaidi ya miaka 15 mbele yake. Miaka 15 ni mingi kuitumia gizani kwa mtoto wa jicho ambao ungetolewa kwa upasuaji mfupi. Halafu piteni avenyu hizi mkahesabu nyumba ambamo bibi ndiye analea wajukuu, kwa kuwa wazazi waliuawa, au walikimbia, au wako migodini. Bibi huyo akivunjika nyonga, watoto watano wanaacha kula. Duniani kote, watu wenye miaka 60 na zaidi walikuwa bilioni 1 mwaka 2020, na watakaribia bilioni 2.1 ifikapo 2050. Ongezeko la haraka litakuwa katika nchi kama zetu. Wanafunzi walioketi hapa leo wenye miaka 24, mwaka huo watakuwa wanakaribia 50, yaani katikati ya kazi yao.

Tiba ya wazee kama fani haina umri mkubwa. Daktari Ignatz Nascher wa New York ndiye aliyeipa jina lake la kizungu mwaka 1909, akidai kwamba kama watoto wana tiba yao, wazee nao wastahili yao. Jina halikuponya mtu. Kazi yenyewe ilianzishwa na mwanamke, Marjory Warren, na kisa chake ningependa mkikumbuke kuliko majina mengine yote nitakayotaja.

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, karibu na London, ilikabidhiwa jengo la zamani la kuwatunzia maskini, lenye wagonjwa zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee waliolala miaka bila mtu kujua wanaumwa nini. Waliitwa wasiopona, basi. Warren alikwenda kitanda kwa kitanda. Alimpima kila mmoja upya, akawatenga waliopooza na waliochanganyikiwa, wanaoweza kukaa na wanaoweza kusimama wakisaidiwa, akaondoa ile desturi ya kumlaza kila mtu, akaleta viti, mazoezi na watu wa kuwafundisha kutembea. Wengi walirudi makwao. Aliandika juu ya kazi hiyo miaka ya 1940, na Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya afya kwa wote mwaka 1948, tiba ya wazee ilipata nafasi humo.

Angalieni hakuwa na nini. Mwaka 1935 penisilini ilikuwa bado haijaingia hospitalini. Skana haikuwapo. Dawa nyingi za tansiyo tunazoziandika leo hazikuwapo. Alikuwa na mikono, macho, viti na ukaidi. Mtu akiniambia kwamba Goma ni maskini mno kwa tiba ya wazee, humwuliza ni kipi kati ya hivyo vinne tulichokosa.

Sasa tuingie kwenye kazi. Daktari kijana afanyeje mzee anapoketi mbele yake?

Kwanza ajue miaka yake, na hilo si jepesi. Vitambulisho vimeungua, vimeibwa, vimeachwa Rutshuru au Masisi, au tarehe ya kuzaliwa iliandikwa na karani kwa kukisia. Lakini hapa tuna kalenda ambayo haisahauliki. Mwulize: uhuru wa 30 Juni 1960 ulikukuta una ukubwa gani? Aliyekuwa na miaka kumi siku ile, leo amepita 75. Moto wa Nyiragongo wa Januari 1977, ulikuwa umekwisha olewa? Ulikuwa na watoto wangapi? Wachache walio wakongwe zaidi watakwambia kwamba wazazi wao walisimulia jinsi lava ya Nyamulagira ilivyofika ziwani kati ya 1938 na 1940, wao wakiwa mgongoni. Dakika mbili za mazungumzo haya hukupa umri, na pasipo mzee kujua, zimekupa pia picha ya kumbukumbu yake.

Pili, lugha. Vitabu vyetu vya tiba ni vya Kifaransa. Mama mzee anasema Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Mashi, na Kiswahili cha sokoni. Basi huitwa mjukuu wa miaka 16 atafsiri. Mwulize mama mzee, kupitia kwa mjukuu huyo wa kiume, kama mkojo humtoka bila yeye kutaka. Atasema hapana. Angesema nini? Na daktari ataandika hapana. Maswali ya namna hiyo yanataka muuguzi mwanamke, mlango uliofungwa, na mwanzo wa taratibu: mama, wengi wa rika lako huniambia kwamba usiku wanapata shida na mkojo, wewe unaendeleaje? Mwanafunzi wa tiba anajua majina yote ya misuli ya kibofu. Sentensi hii hajafundishwa.

Kosa lingine la kila siku ni kuzungumza na mtoto wa mzee badala ya mzee. Kijana aliyemleta ndiye anayelipa, ndiye anayejua Kifaransa, basi daktari anamgeukia yeye: anakula? analala? Mzee yuko pale, masikio yake yanasikia, anasemwa kama mbuzi aliyepelekwa kwa mtu wa mifugo. Katika mila zetu zote za hapa Kivu mkubwa husalimiwa kwanza. Sijui koti jeupe lilitoa wapi ruhusa ya kutusahaulisha.

Tatu, mwambie asimame. Nasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi humpima mzee amelala tu. Pima tansiyo amelala, kisha msimamishe, upime tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, umepata sababu ya kizunguzungu chake, na pengine sababu ni dawa uliyompa wewe mwenyewe. Halafu lete kiti. Ainuke bila kusukuma kwa mikono ikiwezekana, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Kipimo hiki cha saa na kiti kilichapishwa mwaka 1991 na hakihitaji umeme. Akizidi sekunde 12 hivi, yumo hatarini kuanguka. Lakini usiishie kwenye sekunde. Tazama anavyogeuka, anavyoburuta mguu, anavyotafuta ukuta. Mimi hujifunza zaidi kwenye mita hizo tatu kuliko kwenye karatasi nyingi za maabara.

Nne ni akili, na hapa nitakaa kidogo.

Mapafu ya mzee yanaweza kuwaka nimonia bila homa na bila kikohozi cha maana. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kwamba ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, anaona watu wasiokuwapo, usiku hatulii na mchana anasinzia. Malaria yaweza kufanya hivyo. Mkojo wenye maambukizi, kukosa maji mwilini, choo kilichofunga, vidonge vya usingizi, hata promethazini ya mafua iliyonunuliwa farmasi ya kona. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa au siku chache, kunakopanda na kushuka, ni dharura kama mshipa unaovuja damu. Ni tofauti kabisa na ugonjwa wa kusahau unaokuja polepole kwa miezi na miaka. Daktari asiyejua tofauti hiyo atamrudisha nyumbani mtu mwenye nimonia, na familia itampeleka kwenye maombi ya siku tatu.

Au itafanya mabaya zaidi. Tunajua mama wazee wanasingiziwa uchawi. Huko Usukuma, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, ilhali wekundu ule ulitokana na miaka mingi ya kupika kwenye moshi. Kwetu anayezungumza peke yake usiku, anayetembea ovyo bila kujua aendako, anayemwita mjukuu wake kwa jina la marehemu, yumo katika hatari ileile. Daktari anayeweza kusimama mbele ya familia na shefu wa avenyu akasema kwa sauti: huyu ana ugonjwa, unaitwa hivi, umeanzia kwenye ubongo, hausababishwi na mtu wala hauambukizi, ameokoa maisha bila kuandika dawa yoyote.

Lakini atajuaje? Kipimo cha kumbukumbu kilichoenea duniani, kilichotungwa Marekani mwaka 1975, kinamtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kupunguza saba. Mama aliyeuza samaki wa sambaza sokoni Virunga kwa miaka 40 hubadilisha dola kuwa faranga kichwani kabla ya wewe kutoa simu yako. Kalamu hajawahi kuishika. Ukimpa kipimo kile atafeli, nawe utaandika kwamba ana ugonjwa asiokuwa nao.

Wenzetu wa Tanzania walilitatua hili. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Newcastle walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watu wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kama 6.4 kwa 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kwa hiyo mtu asiseme huo ni ugonjwa wa wazungu. Kutokana na kazi ile wakatengeneza kipimo kifupi kwa watu wasiosoma: unamwambia maneno na kumwuliza baadaye ameyakumbuka yapi, unamwomba ataje wanyama kwa dakika moja, na badala ya kuchora, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo uliloliweka mezani. Njiti za kiberiti, ndugu zangu. Kilifanyiwa kazi kwa Kiswahili, na mipaka ya Tanzania haiko mbali na hapa. Wanafunzi wetu wanaweza kukijaribu kabla mwaka huu haujaisha, na wakipitia pia Tulizo Letu, kituo chetu cha afya ya akili, wataona upande wa pili wa jambo hili.

Narudi kwenye dawa, maana huko ndiko daktari huua kwa mkono wake. Figo za mzee hupungua nguvu mwaka hadi mwaka. Kipimo cha kreatinini kinaweza kusomeka vizuri na bado figo ziwe dhaifu, kwa kuwa kreatinini hutoka kwenye nyama na mzee ana nyama kidogo. Diklofenaki aliyonunua mwenyewe kwa ajili ya magoti inapandisha tansiyo, inachubua tumbo na kuzibana figo hizohizo. Ndiyo maana mzee aje na mfuko. Asiulizwe anakunywa nini. Amwage mezani kila kidonge kilichomo nyumbani, cha farmasi, cha jirani, na majani ya mitishamba.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni glibenklamidi. Dawa hii ya kisukari ni rahisi na ipo kila mahali. Inashusha sukari iwe umekula au hukula. Sasa, tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafunga milango, mwalimu mstaafu anayetegemea pensheni yake anakula mara ngapi? Katoyi hii, wengi hula mara moja, jioni. Anameza kidonge asubuhi kama alivyoelekezwa, tumbo tupu, saa sita mchana anaanguka barabarani na watu wanasema kifafa au pombe. Marekani, orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee iliyoanzishwa na daktari Mark Beers mwaka 1991, na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, inaonya juu ya dawa hii. Lakini huhitaji orodha. Swali moja linatosha, nalo halimo kwenye fomu yoyote ya hospitali niliyowahi kuijaza: jana ulikula nini, na saa ngapi?

Hospitalini nako, kitanda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa, na chakula walikipata. Wa kwetu analala majuma mawili, anakula kile mlezi wake alichopika uani, na mpira wa mkojo amewekewa ili asisumbue. Aliingia anatembea, anatoka amebebwa, na barua ya kutoka inasema amepona. Kwa hiyo naomba kila msafara wa asubuhi uwe na swali la lazima: jana huyu mzee alitembea mpaka wapi? Wa kulijibu si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo, muuguzi na mlezi, na mwanafunzi atajifunza kuwasikiliza.

Basi tufundisheje? Sipendekezi kozi mpya ya saa 30 yenye silabasi nene. Tuna kozi za kutosha, na mwanafunzi huzikariri akazisahau. Napendekeza mzee mmoja kwa mwanafunzi mmoja, kwa mwaka mzima. Vyuo kadhaa vya Marekani vinafanya kitu kinachofanana na hiki. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma au wa ULPGL apewe mzee hapa Katoyi, Mabanga au Majengo, amtembelee kila mwezi. Ahesabu ngazi za choo. Aone maji yanatoka wapi na nani anayabeba. Amwage ule mfuko wa dawa. Amwone akiwa mzima, kwa sababu mwanafunzi anayewajua wazee walio wagonjwa mahututi tu huamini kwamba wazee wote wako hivyo. Mwisho wa mwaka ataandika ukurasa mmoja juu ya kile mzee anachotaka aendelee kukifanya, na nini kinamzuia. Wengine watashangaa. Mzee hataji tansiyo. Anataka kufika kanisani kwa miguu yake, au kushona, au kuona uso wa kitukuu.

Na mtihani uulize hayo. Tusidanganyane: kisichokuja kwenye mtihani hakisomwi. Kituo kimoja cha mtihani wa vitendo kiwe na kiti, saa, kiberiti na mzee wa kweli, na mzee huyo atoe alama yake kama alisalimiwa, alisikilizwa, alielewa alichoambiwa.

Tusiwasahau wauguzi. Katika vituo vyetu, mtu wa kwanza kumwona mzee si daktari, na mara nyingi ndiye wa mwisho pia. Muuguzi mkuu wa kituo ndiye atakayeandika ile amlodipini. Mareko, wanaopita nyumba kwa nyumba kuhamasisha chanjo, wanaweza kuongeza maswali mawili: nani hapa ameanguka mwaka huu, nani ameacha kutoka nje? Mafunzo ya madaktari yakifanyika bila hawa, daktari atangoja hospitalini wagonjwa ambao hawatafika.

Kuhusu haki nitasema kidogo, kwa kuwa wanasheria watanizidi. Ibara ya 49 ya Katiba yetu ya 2006 inampa mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake ya mwili, akili na maadili. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Hapa mzee hulipa kaunta kama kijana. Daktari hawezi kuibadilisha kaunta. Anaweza kuacha kuandika vidonge vinne vinavyogombana, na hilo nalo ni akiba mfukoni mwa mtu.

Mmeniuliza, kabla hatujaanza, nani atalipia ziara hizi. Kiti mnacho. Kiberiti mnacho. Mashine ya tansiyo iko kila kituo. Kinachotakiwa ni nauli ya pikipiki na alasiri moja kwa mwezi kwenye ratiba, na mwalimu atakayekubali kuja na wanafunzi badala ya kuwatuma. Alasiri hiyo mkuu wa masomo anaweza kuitoa bila kumwandikia waziri.

Wanafunzi mnaotaka kuanza, andikisheni majina kwa muuguzi pale mlangoni. Wapo wazee wa kartiye hii waliokubali kutembelewa, nao wametoa masharti yao, naomba niyasome kama walivyoniambia. Mje wawili wawili. Msije saa ya ibada. Msipige picha. Msiahidi dawa msizonazo. Na anayekuja mwezi wa kwanza ndiye arudi mwezi wa pili. Hawataki kuanza kusimulia upya kwa mtu mwingine.